Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Mirambo na Maadui wa Kila Upande



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya 17 ya mfungo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Leo ni siku ya Badri, na najua simu yako tangu asubuhi imejaa ujumbe wa Badri. Alhamdulillah, kisa kile hakichakai. Ila tangu mwezi uanze nimeletewa swali moja kwa sura nyingi. Mmoja anadaiwa na watu watatu na wote wamemjia mwezi huu huu. Mwingine yumo kwenye ugomvi wa mirathi, ndugu zake wote wamesimama upande mmoja na yeye yuko peke yake. Dada yetu mmoja, mawifi na majirani wamemuungania kwa maneno. Na kijana mmoja akauliza waziwazi kabisa: vibaka wanne wakinizingira usiku nikitoka tarawehe, dini inasemaje? Wote hawa wanauliza jambo moja. Mtu mmoja anajihami vipi na wengi?

Leo jibu nalitafuta hapa hapa kwetu, kwa mtu ambaye jina lake unalipita kila siku. Kambi ya jeshi hapa Tabora inaitwa kwa jina lake. Ni mtemi Mirambo wa Urambo. Ujumbe ni mrefu kidogo, usome polepole baada ya futari.

Tuelewane kwanza. Mirambo hakuwa Muislamu, na wengi aliopigana nao walikuwa Waislamu, wafanyabiashara wa Kiarabu na watu wa pwani. Simleti kwako kama mfano wa ibada. Mikono yake haikuwa safi, na ya wale aliopigana nao nayo haikuwa safi. Tena katika jamaa yetu hii ya msikiti wamo wajukuu wa pande zote mbili, kwa hiyo sitampendelea mtu. Hekima muumini huiokota popote anapoikuta.

*Alipozaliwa*

Alizaliwa karibu na mwaka 1840 huko Uyowa, upande wa magharibi wa Tabora, mtoto wa mtemi Kasanda. Mirambo ni jina lake la vitani, na kwa Kinyamwezi maana yake ni maiti. Utemi alioushika katika miaka ya 1860 ulikuwa mdogo tu, mmoja kati ya temi nyingi za Unyamwezi wa wakati ule.

Sasa chora ramani kichwani. Mashariki yake kuna Unyanyembe, yaani Tabora hii, yenye mtemi wake na wafanyabiashara wenye bunduki na baruti. Kaskazini wapo Watuta, Wangoni waliopanda kutoka kusini mwa Afrika na vita vyao vya kasi, ambao leo ni rafiki zako na kesho wamekuchomea kijiji. Kusini na magharibi wapo watemi wengine, kila mmoja na boma lake na macho yake. Na katikati inapita barabara ya misafara. Inatoka Bagamoyo, inapita Mpwapwa na Ugogo, inafika Tabora, halafu inagawanyika: tawi moja linakwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, lingine linakwenda magharibi hadi Ujiji. Njia hiyo ilibeba vitambaa, shanga, baruti na pembe za ndovu. Na tuseme kweli, ilibeba pia binadamu waliofungwa minyororo. Tawi la Ujiji lilipita mlangoni kwa Mirambo.

Mtu wa namna hiyo hawezi kusema hana ugomvi na mtu. Ugomvi unamfuata mlangoni.

*Aliyemtangulia*

Kabla ya Mirambo kuna mtu mwingine wa kumkumbuka, Mnywa Sere. Huyu alishika utemi wa Unyanyembe baada ya Fundikira kufariki, mwishoni mwa miaka ya 1850. Alitaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Tabora. Wao wakamfukuza, wakamsaidia Mkasiwa kukalia kiti chake. Mnywa Sere akaishia porini miaka mingi, akipigana na wafanyabiashara, na watu wa Mkasiwa, na kila aliyewaunga mkono. Alikuwa shujaa, hilo halina ubishi. Lakini maadui zake walikuwa wameungana na yeye hakuweza kuwatenganisha. Mwaka 1865 alikamatwa, akakatwa kichwa.

Mirambo alikuwa kijana wakati huo, na hayo yalitokea kwa jirani yake. Ushujaa peke yake mbele ya wengi ulimpeleka mtu kaburini, na kila mtu Unyamwezi alijua.

*Mwaka 1871*

Ugomvi wake na Tabora ulifika kileleni mwaka 1871. Waarabu walikuwa wanamuunga mkono Mkasiwa, naye akawafungia njia ya Ujiji. Msafara mmoja ulimlipa hongo aliyodai ya baruti, bunduki na vitambaa, kisha akaurudisha ulikotoka. Biashara ikasimama. Wakubwa wa Tabora wakaamua kumaliza kazi mara moja.

Wakakusanya watu zaidi ya 2,000. Hata Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, akajiunga nao. Mwanzoni mwa Agosti wakatoka kwa shangwe. Kijiji cha kwanza kikaanguka. Kisha kijana mmoja wa ukoo mkubwa, Soud, mtoto wa Said bin Majid, akachukua kama watu 500 akaenda kuipiga Ulyankulu, ambako Mirambo mwenyewe alikuwepo.

Angalia alichofanya. Hakung'ang'ania boma. Alitoka na watu wake, akawaacha wenzake waingie. Wakaingia, wakachukua pembe, wakachukua mateka, wakajitwisha mizigo, wakaanza kurudi wakiwa wameshiba ushindi. Naye alikuwa amelala kwenye nyasi ndefu kandokando ya njia ile ile. Walipofika katikati, akainuka. Mtu mwenye pembe begani hana mkono wa bunduki. Soud akauawa na wengi waliokuwa naye, na habari ilipofika kambini, jeshi lote likarudi mbio. Stanley naye akarudi Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka hapa mjini, akatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe alilokuwa anakaa.

Tarehe 22 Agosti Mirambo akaja Tabora yenyewe, pamoja na Watuta. Wafanyabiashara walikuwa wamegawanyika, kila mmoja kajifungia kwenye tembe lake. Mmoja wao, Khamis bin Abdallah, akatoka na kikundi kidogo kwenda kumkabili. Alikuwa mtu jasiri, Mungu amrehemu. Watu wa Mirambo wakajifanya wanarudi nyuma, wakamvuta mpaka nje, kisha wakamzunguka. Akafa pale na kijana aliyemlea. Karibu robo ya mji ikateketea.

Umeona kilichotokea? Wiki tatu nyuma wao ndio waliokuwa wengi na yeye ndiye mmoja. Siku ile Khamis ndiye aliyekuwa mmoja, na wenzake wote walikuwepo mji ule ule, nyuma ya kuta. Wingi usiosimama pamoja haumsaidii mtu.

*Miaka ya vita na miaka ya sulhu*

Vita viliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1870. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na vita bado vinaunguruma. Seyyid Barghash wa Zanzibar naye akatuma askari wa Kibaluchi, wasimuweze. Lakini Mirambo naye hakuweza kuimaliza Tabora. Na njia iliyofungwa ilikuwa inawaumiza wote: huku hakuna pembe zinazopita, kule hakuna hongo inayoingia.

Hapa ndipo mtu huyu ananishangaza kuliko pale kwenye nyasi. Wengi wetu tukishinda mara moja tunataka kushinda mpaka mwisho. Yeye akaanza kupunguza maadui. Akapatana na wafanyabiashara, misafara ikapita tena. Aprili 1876 akakutana na Stanley, yule yule aliyempiga risasi mwaka 1871, wakachanjiana chale wakawa ndugu. Baadaye Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa hapa karibu na Tabora, naye akapatana naye, wakapelekeana zawadi. Mwaka 1879 akampokea daktari mmishionari, Ebenezer Southon, akakaa naye Urambo. Akatafuta pia urafiki na balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk. Watuta nao, alikuwa nao mara huku mara kule.

Mmoja mmoja, akawatoa kwenye orodha. Aliyebaki adui, akabaki peke yake.

*Alipokosea*

Lakini kujihami kuna mpaka, na Mirambo aliuvuka. Rugaruga wake, wale vijana wa vita, hawakula jasho lao, walikula walichoteka. Jeshi la namna hiyo haliwezi kukaa kimya. Kila msimu lilihitaji kijiji kingine. Watu waliouawa na kutekwa katika vita vile hawakuwa wote maadui zake. Wengi walikuwa wakulima wa mtama waliokuwa karibu na njia, basi.

Mwaka 1880, kule Upimbwe, watu wake wakiwa katika moja ya vita hizo waliwaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead. Kwa siku moja, urafiki aliokuwa anaujenga na balozi kwa miaka ukabomoka. Alichokijenga kwa subira kikavunjwa na vijana wasioshikika.

Tarehe 2 Desemba 1884 alifariki kwa ugonjwa. Hakuuawa na adui hata mmoja kati ya wale wote waliomzunguka. Nafasi yake ikachukuliwa na ndugu yake Mpandashalo, lakini haikupita miaka mingi dola ile ikasambaratika. Kwa nini? Kwa sababu kila kitu kilikuwa juu ya mabega yake. Mapatano yalikuwa na yeye, hofu ilikuwa kwa yeye, vijana walimtii yeye.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwaka 1890 bendera yao ikapandishwa Tabora. Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe akaanguka ndani ya boma lake. Wafanyabiashara, Unyanyembe, Urambo na Watuta walikuwa wamepigana wao kwa wao miaka 30 kando ya barabara moja. Mgeni alipofika aliwakuta tayari wametengana, akawachukua mmoja mmoja. Hila aliyoitumia Mirambo kujihami, mgeni aliitumia kuwatawala wote.

*Kipimo chetu*

Ukitaka kupima mambo haya kwa mizani ya dini, rudi kwenye vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra. Badri lilikuwa jeshi moja. Khandaq walikuja makundi, Makuraishi na Ghatafan na wengine, kama watu 10,000, na Waislamu kama 3,000. Tena ndani ya Madina Banu Quraydha wakavunja ahadi.

Mtume (s.a.w.) hakutoka kwenda kupigana na wote uwanjani. Alisikiliza rai ya Salman Mfursi, likachimbwa handaki upande wa kaskazini ulio wazi, kwa sababu pande nyingine zina mawe na mitende. Yaani njia nyingi za kuingilia zikabaki moja. Alifikiria hata kuwapa Ghatafan theluthi ya tende za Madina ili waondoke. Akashauriana na Saad bin Muadh na Saad bin Ubada, nao wakaona wasitoe, akaikubali rai yao. Kisha Nuaim bin Masud, aliyesilimu kwa siri, akaingia kati ya makundi yale mpaka kila moja likashindwa kuliamini jingine. Ukaja upepo wa Mwenyezi Mungu, wakaondoka.

Kwenye kuwagawa maadui utaona Mirambo na hawa wanakaribiana. Tofauti iko kwingine. Handaki lilichimbwa na watu wote, Mtume (s.a.w.) mwenyewe akibeba udongo. Ushauri ulikuwa wa wengi. Kwa hiyo alipoondoka duniani, safu haikuvunjika.

*Sasa turudi kwako*

Wewe unayedaiwa na watatu: usijifiche mpaka wakukute pamoja mlangoni. Nenda kwa mmoja leo, yule mwenye moyo laini au mwenye deni dogo. Mwambie ukweli, mpe ulichonacho, mwandikishiane tarehe. Atakuwa amebadilika kutoka adui kuwa shahidi wako. Kisha nenda kwa wa pili.

Wewe wa mirathi: usijibu kwenye kundi la familia la simu. Pale ni uwanja wa wazi, watakuzunguka. Mtafute ndugu mmoja, ukae naye uso kwa uso, mbele ya mtu anayejua hesabu za faraidhi. Ukoo mzima hauna moyo mmoja, wengine wamekaa upande ule kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Dada yangu wa maneno: si kila boma ni la kung'ang'ania. Mirambo aliliacha boma akabaki na uhai na jeshi lake. Neno jingine liache lipite, nawe umefunga. Atakayelibeba ataelemewa nalo mwenyewe.

Na wewe kijana wa tarawehe: kujihami ni haki yako, na aliyeuawa akilinda nafsi yake au mali yake ana daraja ya shahidi. Lakini wanazuoni wameweka ngazi. Maneno yakitosha, usipige. Kupiga kelele na kukimbia kukitosha, kimbia, wala si aibu. Wakiwa wanne, usikae katikati yao, kaa na ukuta mgongoni au tafuta upenyo kuelekea kwenye taa na watu. Simu inanunuliwa, mpe. Ikibidi kupigana, ni kwa kiasi cha kumzuia tu. Bora zaidi, tokeni msikitini kwa kundi. Msimwache mtu arudi peke yake njia ya giza. Khamis bin Abdallah alikufa na wenzake wako nyuma ya kuta.

Kumbuka na mpaka. Mwizi akishakimbia, au akishashikwa na kufungwa, hapo kujihami kumekwisha. Mawe na tairi la moto baada ya hapo ni kuua tu. Usirushe hata jiwe moja, upeleke polisi.

Hapo kuna jambo nataka ulibebe mpaka daku. Tangu mwanzo wa ujumbe huu umejiona wewe ndiye yule mmoja aliyezungukwa. Kila anayesoma anajiona hivyo. Sasa wale wengi ni akina nani? Yupo ndugu anayelia usiku kwa sababu ya mirathi, na wewe umekaa upande wa wengi kwa kuwa ni rahisi. Yupo mke wa ndugu yako ambaye maneno yamemuungania, na moja kati ya hayo lilitoka kinywani mwako. Yupo mdaiwa ambaye leo watatu wamemgongea, na wa tatu ni wewe. Saumu ya siku 17 haijatufaa kitu kama hatujaweza kutoka kwenye kundi la namna hiyo.

Kabla ya futari ya kesho, mpigie mmoja. Mmoja tu. Mwambie kuanzia leo mimi simo tena kati yao.

Ewe Mola wetu, tulinde mbele yetu na nyuma yetu, kuliani na kushotoni kwetu. Tukiwa wachache usituache, na tukiwa wengi usitufanye madhalimu. Waliopigana na kufa katika ardhi hii yetu, wenye imani kati yao uwarehemu, na sisi wajukuu utupatanishe. Tutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Mfikishie na mwenzio. Tukutane tarawehe inshaallah, na baada ya swala tusubiriane mlangoni, tutoke pamoja.

Wassalaam alaykum warahmatullah.